Siku Kumi za Tarumbeta

Jumamosi, 31 Mei
Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi. Tumefyeka kando ya barabara hapa Gahanga, mgongo wangu unajuta. Kwenye mkutano baada ya kazi, mkuu wa mudugudu, kijiji chetu, akatangaza: Jumamosi ijayo mbwa wote wapelekwe uwanjani, chanjo ya kichaa. Kila mwaka ni lazima. Nikasimama. Nikauliza kwa nini kila mwaka, wakati mimi nilichanjwa ndui mara moja tu, utotoni Karagwe, na bado nipo. Watu wakacheka, wakanipigia makofi. Nilijisikia vizuri mno. Mbwa wangu Tarumbeta alichanjwa mwaka juzi. Inatosha.
Mke wangu, Mama Keza, hakupiga makofi.

Jumanne, 3 Juni
Mama Keza amebandika kadi ya chanjo ya mbwa kwenye friji. Tarehe ya mwisho kaizungushia wino mwekundu. Namjua, akinyamaza ndipo anapohubiri. Siendi. Nimeshasema mbele ya watu, nitayameza vipi maneno yangu?

Jumamosi, 7 Juni
Jirani yangu Deo amepita na mbwa wawili, mmoja kamfunga kwa tai ya harusi. Nilijifanya nasoma gazeti. La wiki iliyopita.

Jumapili, 8 Juni
Nimeng'atwa. Na mbwa wangu mwenyewe. Nilikuwa namtoa kupe sikioni, nikamfinya. Kidole gumba. Damu kidogo, aibu tele. Mama Keza kanisimamisha bombani robo saa nzima, sabuni na maji, kisha kituo cha afya.
Muuguzi akauliza, "Muzee, mbwa iko na karite?"
Nikampa kadi. Akaisoma. "Hii iliisha zamani. Ihangane, muzee." Pole hiyo nikaielewa nilipoona sindano. Leo, siku ya tatu, siku ya saba. Mbwa afungwe, atazamwe siku kumi. Akimaliza siku hizo mzima, hana kichaa. Akiugua, tukimbie kurudi.
Nilimkatalia mbwa sindano moja. Mimi nimeanza tatu.

Jumatatu, 9 Juni
Nimekwenda kwa daktari wa mifugo, Tarumbeta achanjwe leo leo yaishe. Kakataa. Mbwa aliyeng'ata huangaliwa kwanza.
Deo alikuwa ukutani ananisubiri. Kakulia Bujumbura, maneno hayampungukii. "Muzee, Jumamosi tulikungoja. Kumbe ulitaka wakuchanje weye!"
Mdomo umeniponza.

Jumatano, 11 Juni
Sindano ya pili. Mama Keza kasikia kwamba mwenye kichaa huogopa maji. Kila nikikaa ananiwekea glasi, ananitazama nikinywa. Leo glasi tisa. Nilipomfokea, akaandika kitu kwenye daftari.

Ijumaa, 13 Juni
Tarumbeta hajala. Wali na dagaa, hajagusa. Kalaza kichwa juu ya miguu, ananitazama tu. Habweki. Mbwa aliyepewa jina kwa makelele yake!
Naogopa. Nimekaa mbele ya banda, mbali kidogo kama nilivyoagizwa, nikamwomba msamaha kwa kila lugha ninayoijua. Kesho asubuhi namwita daktari. Sijui nitasimamaje akiniambia ninachokihofia.

Jumamosi, 14 Juni
Kabla sijapiga simu, Deo kaja kukiri. Alimhurumia mfungwa. Tangu Alhamisi anamrushia mifupa ya mbuzi juu ya ukuta, sufuria nzima. Mbwa ameshiba, haumwi!
Nilitaka kumkaba Deo. Nikamkumbatia. Akarudi nyuma haraka, akiangalia meno yangu.

Jumapili, 15 Juni
Sindano ya tatu. Bega zito. Tarumbeta kabweka misa nzima ya redioni. Sijamkemea.

Jumatano, 18 Juni
Siku ya kumi. Kala, kanywa, kamfukuza kuku wa Deo mara tu alipofunguliwa kamba. Daktari wa mifugo kaja akamchanja. Nilimshika mimi. Daktari akaandika tarehe ya mwakani, nikamwomba aje wiki moja mapema.
Nilidhani nabishania sindano. Nilikuwa nachezea roho ya rafiki yangu, kwa sababu ya makofi. Usiku ule wa Ijumaa nilimwogopea yeye kuliko nafsi yangu. Nimeandika, yatosha.
Amelala juu ya mguu wangu, anakoroma. Umekufa ganzi tangu saa tisa. Siutoi.