Chembe Inayorudi Nyuma

Jumatatu, 3 Juni

Jumamosi natetea tasnifu. Mama ameshaagiza baklawa, vile vitamu vya sherehe — masinia matatu! Nikamwambia asubiri nifaulu kwanza. Akasema ni nani aliwahi kufeli mbele ya baklawa.

Nimepitia filamu zote za darubini. Seli za saratani zimetanda kwenye kioo kama zulia. Tukizitia dawa yetu, zinakwama, na seli iliyokwama haisambazi ugonjwa. Ndiyo tasnifu yangu nzima, na ndiyo sifa ya Si Mondher, yaani Bwana Mondher, profesa wangu.

Ila filamu moja ina chembe ya uchafu pembeni. Inatembea. Uchafu!

Jumanne, 4 Juni

Ile chembe imeganda kwenye kioo. Nimeisugua mwenyewe, haitoki. Sasa inatembeaje? Seli zimetulia tuli, uchafu unarudi nyuma polepole.

Nimemwonyesha Chiheb, tunayeshiriki naye meza. Kacheka. Eti hata uchafu wa maabara hii umechoka, unahamia Ulaya. Nikacheka pia, lakini roho haikutulia.

Jumatano, 5 Juni

Nimejua. Bora nisingejua.

Darubini yetu ni kuukuu, meza yake, pale kioo kinapowekwa, huteleza. Ndiyo maana Si Mondher alitunga programu: inatafuta mwendo wa wastani wa seli zote, inauondoa, kinachobaki tunakiita mwendo wa kweli. Sote tunaitumia, hakuna anayeuliza. Lakini seli zote zikienda pamoja, upande mmoja, programu inadhani ni meza imeteleza! Inafuta safari yote. Zinabaki seli "zilizokwama", na chembe masikini, ambayo haijaenda popote, inaonekana inarudi nyuma.

Nikafungua filamu ghafi, ambayo programu haijaigusa. Chembe imetulia. Seli zinaandamana! Bega kwa bega, kama sisi mwaka ule wa mapinduzi barabarani Tunis. Dawa haizizuii. Inazipanga safu.

Nimekwenda chooni nikalia.

Alhamisi, 6 Juni

Chiheb: "Nyamaza, dada. Tetea, kula baklawa, chukua cheti, halafu ndiyo uwe shujaa." Nikamwita mwoga. Baadaye nikaona aibu — tasnifu yake nayo imepita kwenye programu ileile.

Nikaenda kwa Si Mondher. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. "Binti yangu, programu ile ilikuwa inafanya kazi wewe hujui hata darubini inachunguliwa upande gani." Eti tuzungumze baada ya Jumamosi. Filamu hakuitazama. Nampenda mzee huyu, alinipokea wengine waliponikataa. Naogopa.

Ijumaa, 7 Juni

Mama amepiga pasi gauni langu mara mbili.

Nimeiweka filamu ghafi mwisho wa mada yangu. Nimeiondoa. Nimeirudisha.

Jumamosi, 8 Juni

Niko kwenye korido. Jopo limetutoa nje, linajadiliana.

Nimeionyesha! Filamu mbili, sambamba. Nikasema: msitazame seli, tazameni chembe. Kisha nikasema kichwa cha tasnifu yangu si kweli. Si Mondher akavua miwani, akainama.

Ndani wanabishana, yote yanasikika. Mmoja anafoka: sasa shahada tunampa ya nini? Profesa mmoja wa kike, aliyetoka chuo cha Sfax, anajibu: ya hiyo chembe! Sauti ya Si Mondher siisikii kabisa.

Chiheb ameketi sakafuni, hanisemeshi. Shangazi ameshalowesha midomo kwa ajili ya vigelegele. Mama amepakata sinia, karatasi yake bado imefungwa. Ananinong'oneza: tufungue au tusifungue? Sijui, Mama. Sijui!

Mlango umefunguka. Si Mondher, peke yake. Shangazi kaanza kigelegele, Mama kamfinya.

Amepita mbele ya Mama bila salamu — yeye, mwenye adabu zote zile! Amesimama hapa nilipo.

"Sihem, filamu ghafi ziko wapi?"

Nimemwambia, kwenye kompyuta ya maabara. Zangu zote.

"Si zako tu. Nataka kuzitazama na zangu pia. Tangu ya kwanza."

Chiheb amesimama. Mzee ananinyooshea mkono nimpe funguo za maabara. Mlango nyuma yake uko wazi, jopo linatutazama, na Mama bado ananivuta nguo, anataka kujua kuhusu sinia —