Pumzi ya Mzee Alan

Dada Mwanahamisi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mvua za huko Kwashemshi hazikuozesha maharage kama mlivyohofia. Mimi mwili upo, nakula, natembea. Zaidi ya hapo siwezi kusema nipo salama, na sitaki kukudanganya wewe.

Barua hii usimsomee mama. Ndiyo maana sikupiga simu, maana najua simu yako huwekwa sauti ya juu nyumba nzima isikie. Nimeiandika kwa mkono, na nitampa Agnes, yule binti wa Lushoto ninayekaa kwake sasa, anakuja likizo. Isome peke yako kwanza.

Mzee Alan amefariki, dada. Yule mzee niliyekuwa namtunza miaka minne hapa Uingereza. Amefariki kwa sababu ya kosa langu. Nitakueleza lilivyokwenda, halafu utaona mwenyewe.

Unakumbuka baba alivyokuwa akilala? Anakoroma mpaka bati linatetemeka, halafu kimya. Tunahesabu, moja, mbili, tatu, mpaka anashtuka kama aliyetolewa majini. Mchana pale Mkata anasinzia mbele ya machungwa yake, basi limesimama, abiria wanamwita, hasikii. Watu wakasema ni mvivu, wengine wakasema amechezewa. Siku niliyoanza kazi kwa Mzee Alan nikamsikia akilala vile vile, nikatoka nje nikalia. Ndipo nilipoambiwa kuwa ule ni ugonjwa una jina lake na una dawa yake. Pumzi inakatika usingizini. Dawa yake ni mashine ndogo, mtu anavaa barakoa puani, mpira unatoka kwenye mashine unasukuma hewa usiku kucha. Mzee alikuwa na mapafu mabovu pia, kwa hiyo mashine yake ilikuwa ya nguvu zaidi, na daktari alimwonya asilale hata siku moja bila hiyo. Mchana alitembea na kifaa kingine cha oksijeni, cha kuning'iniza begani.

Alikuwa dereva wa treni huyu mzee, mtu wa utani. Mimi alinifundisha kupika viazi vyao, nami nikamfundisha kusema "shikamoo", akawa anawaamkia hata watoto wa jirani. Mwaka huu akasema anataka kupanda meli ya kitalii aende kuona milima ya Norwei inayoota katikati ya bahari. Binti yake Karen hakutaka. Mzee akamwambia, "Zaina atakuwa na mimi." Basi Karen akaniangalia, akasema, "Haya, Zaina."

Nilijiandaa, dada, Mungu anajua. Nilijaza fomu za meli kwamba tuna mashine, niliagiza yale maji yasiyo na chumvi, kama ya kuwekea betri za magari, maana mashine haitaki maji mengine. Kwenye karatasi zao waliandika mambo mawili: mashine ishikwe mkononi, na ekstensheni, ule waya wa matundu mengi, usiletwe kutoka nyumbani kwa sababu ya hofu ya moto. La kwanza nililisoma. La pili nililiruka. Nikafikiria soketi ya chumbani itakuwa mbali na kitanda, nikaitia ekstensheni ndani ya begi la bluu pamoja na mashine.

Bandarini nilikuwa nasukuma kiti cha magurudumu, oksijeni begani, makoti mkononi, begi la bluu nalikokota. Akaja mbeba mizigo, mtu mzima mwenye adabu zake, akasema, "Nipe hilo mama, utalikuta mlangoni kwako." Nikampa. Ndiyo hivyo tu. Mkono wangu huu huu.

Mabegi mengine yalifika kabla ya chakula cha jioni. La bluu halikufika. Nikashuka mapokezi, foleni ndefu, nikamwambia yule dada begi langu moja halijafika. Akaniuliza, "Lina dawa ndani?" Nikasema hapana. Kweli dawa zake zote nilikuwa nazo kwenye mkoba. Akasema mizigo ni mingi, nisubiri. Dada, ningesema tu, "Lina mashine ya kupumulia ya mgonjwa," wangekimbia. Lakini aliniuliza dawa, nikajibu dawa. Nilimwona anavyokunja uso kila nikifungua mdomo kwa Kiingereza changu, nikataka kumaliza haraka niondoke.

Usiku ule nilimwegemeza kwa mito mzee akalala amekaa, na mimi nikakaa kwenye kiti nikimgusa kila pumzi ilipokatika. Asubuhi akasema hajambo, kichwa tu kinauma. Nikarudi mapokezi mara mbili. Mara ya kwanza wakaniambia nisubiri. Mara ya pili mzee mwenyewe alikuwa pembeni yangu, akasema, "Usiwasumbue, Zaina. Nimelala miaka mingi bila kitu hicho." Nikamsikiliza. Nilifurahi, nikwambie ukweli, kwamba amenipa ruhusa ya kutogombana na watu. Kwa daktari wa meli sikwenda kabisa. Niliogopa atampigia Karen.

Siku ya tatu aliamka ananiita jina la marehemu mkewe. Chai ikamponyoka mkononi. Milima aliyoifuata ilikuwa pale nje ya dirisha, maporomoko yanashuka mpaka baharini, nikamgeuzia kiti aone. Aliangalia kidogo, akasinzia. Mhudumu wa chumba chetu, kijana Mfilipino, akaingia kutandika, akaniona ninavyomtikisa. Akauliza kuna nini. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia habari nzima. Akauliza, "Hukupata karatasi mlangoni?"

Karatasi zilikuwepo. Kila siku zilichomekwa mlangoni, za muziki na za maduka, na mimi nilikuwa naziweka zote mezani bila kuzisoma. Akazipekua, akaitoa moja ya siku ya kwanza. Imeandikwa kwamba begi letu limeshikiliwa na walinzi kwa sababu lina kitu kisichoruhusiwa, twende tukalichukue ghorofa ya chini. Tulikwenda mbio. Begi lilikuwa juu ya rafu, pamoja na pasi za nguo na chupa za pombe za watu. Mlinzi akatoa ekstensheni, akanipa begi, nikaweka sahihi. Haikuchukua hata dakika kumi.

Tuliporudi mdomo wa mzee ulikuwa wa bluu. Anapumua, lakini kidogo sana, na haamki. Nikaichomeka mashine, nikamvisha barakoa. Kijana akamwita daktari. Jioni wakamshusha bandari ya karibu wakampeleka hospitali, na mimi nikamfuata na begi lile. Daktari wa hapo alinieleza kwa upole kwamba hewa chafu ilijaa kwenye damu kwa siku zile mbili, na moyo wake ulikuwa umechoka. Alikaa siku nne. Siku ya pili alifumbua macho, akanitambua, akasema, "Tumeiona milima, si ndiyo?" Nikasema tumeiona. Hakusema tena kitu cha maana.

Karen alikuja kwa ndege. Nilimwambia yote, hata la dawa pale mapokezi. Sikuficha. Alisikiliza amesimama. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Aliuliza tu, "Kwa nini hukunipigia?"

Nikasema, "Niliogopa."

Akasema, "Mimi ni wa kuogopwa?"

Akachukua begi mkononi mwangu, na tangu siku hiyo hajazungumza na mimi. Mazishini nilikaa kiti cha nyuma. Alipita karibu yangu na watu wake, akainamisha kichwa kidogo, akaendelea.

Wakala walionileta wamenisimamisha mpaka wamalize kuuliza maswali. Nimewaandikia kila kitu. Wakinifuta, kibali changu kinakufa, nitarudishwa. Sijui niombe wanifute au wanibakize, maana sijui nani atanikabidhi tena mzee wake, wala mimi sijui kama nitaweza kupokea. Watu wa hapa wananiambia meli nayo ina makosa yake. Huenda. Lakini mimi ndiye niliyekuwa na mdomo.

Usingizi hauji. Nilizoea pale kwa mzee kusikia mashine ikivuma ukutani, ndiyo iliyokuwa inanilaza. Hapa kwa Agnes kimya, na nikiwa kwenye kimya najikuta nahesabu.

Sasa dada, jambo hili lifanye, hata kama mengine yote utayaacha. Uliniambia kaka Ramadhani anakoroma kama baba, na kwamba aliangusha bodaboda barabara ya Mkumbara kwa kusinzia mchana. Mlicheka. Msicheke. Mkamate umpeleke hospitali pale Korogwe, uende naye mwenyewe, uingie naye kwa daktari. Usiseme anakoroma. Usiseme amechoka. Sema hivi: pumzi yake inakatika akiwa usingizini, na baba yetu alikufa amelala mchana. Wakikwambia subiri, rudia. Wakikukunjia uso, rudia. Nimeandika maneno hayo kwenye karatasi nyingine humu ndani, kwa herufi kubwa, umpe daktari kama mdomo utakuwa mzito.

Nisalimie shemeji, mwambie nashukuru kwa kumtunza mama. Nisalimie mama mdogo na wanawe, na mjomba kule Mkata akija kuuza mihogo. Bibi mzaa baba mshikie mkono kwa niaba yangu. Watoto waambie mama yao mdogo anawakumbuka.

Mama kila Ijumaa anamwombea Mzee Alan apate nafuu, huwa ananiambia hilo kabla hata hajanijulia hali. Mwache aendelee. Siku nitakayoweza kumwambia, nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Mdogo wako,
Zaina