Gunzi Kwenye Bomba la Pumzi

Fundi wangu Owor,

Boila ya wodi ya wazazi imewaka leo na haijaua mtu. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kabla hata ya salamu. Miaka sita nimebeba vyuma nyuma yako, Busia pande zote mbili za mpaka hadi Tororo, na sikumbuki siku uliyouliza nimeamkaje kabla hujauliza kama kiungo fulani kinavuja.

Sasa nikuambie nililokuficha.

Siku yetu ya mwisho ulipanda darini huku kifua chako kinapiga filimbi. Bomba la pumzi lilikuwa tayari, limepita dari na kutokeza juu ya tangi. Ulinifundisha tangu mwanzo kwamba maji yanayochemka lazima yawe na pa kupumulia, na kwamba bomba hilo haliwekwi koki wala kitu chochote. Lile la maji baridi lina valvu isiyoyaruhusu kurudi, na mvuke ukikosa njia hujitengenezea yake. Kwa hiyo kabla ya kuliunga kwenye boila tulifanya kama siku zote. Wewe juu, mdomo kwenye bomba, unapuliza. Mimi chini, shavu kwenye ncha ya pili, nangoja.

Sikusikia kitu, Fundi. Ulipuliza mara ya kwanza ukakohoa. Ukapuliza ya pili, ukakohoa mpaka ngazi ikatikisika. Nikadhani ni mapafu yako, si bomba. Nikakuonea huruma. Ukauliza, "Nafula, imefika?" Nikajibu, "Imefika, Fundi." Ukashuka unatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi, tukaliunga.

Siku ya nne tukakuzika kwenu Paya.

Matroni wa wodi alisimama kaburini akasema, "Mzee ametuachia maji moto. Jumatatu tunawasha." Watu wakapiga makofi. Mkeo akaniita pembeni, akanipa spana yako kubwa ya bomba, akasema uliagiza iwe yangu. Niliipokea, na hapo hapo nikalikumbuka gunzi.

Waashi walipokuwa wanapiga plasta niliziba mabomba yote kwa magunzi ya mahindi ili saruji isiingie, kama tufanyavyo. Nakumbuka kuyatoa ya bafuni. Nakumbuka la jikoni, maana nilimtupia kuku. La bomba la pumzi, pale kwenye kiungo cha darini, sikukumbuka kulitoa. Nikajiambia bila shaka nimelitoa. Nilijiambia hivyo Jumamosi nzima, na Jumapili kanisani Lunyo nikajiambia tena wakati wenzangu wanasali.

Niliogopa, Fundi. Ningesema, wangesema Mzee Owor alizeeka akaharibu kazi. Au wangesema walikuonya, mwanamke na mabomba wapi na wapi. Nikanyamaza, na akina mama wenye vichanga nikawaacha na boila isiyopumua. Naandika hili na uso unaniwaka.

Jumatatu nilimimina chai. Nikaiacha mezani, nikachukua spana na kupanda boda. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ndefu kutoka Busia hadi Tororo, na kila kilima nilimhimiza yule dereva mpaka akaniuliza kama nakwenda kujifungua. Tulipofika getini nikaona moshi.

Walikuwa wamewasha tangu alfajiri. Boila ilikuwa inagonga, ko, ko, ko, kama kuna mtu ndani anataka kutoka. Nyuma ya ukuta wake walikuwa wamekaa wanawake watatu na watoto wao wachanga, wanaota joto wakingoja kuoga. Nikapiga kelele waondoke. Matroni akanishika bega. "Nafula, ni uchungu wa msiba tu huo. Njoo kaa." Nikamwambia boila itapasuka. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini aliwatoa wote, hata mpishi.

Nikavuta kuni moja moja na kuzitupa uani. Sikuimwagia maji, maana ulinikataza kumwaga baridi kwenye chuma kilichopata moto. Nikakaa mbali, nikangoja. Kugonga kulipungua, kukaanza tena, nikasema Baba Yetu kwa Kisamia, kwa Kiswahili, na kwa kile kidogo cha Dhopadhola, lugha yako, ulichonifundisha. Kiganja changu kilipovumilia chuma mpaka hesabu ya kumi, nikapanda darini.

Kiungo kiligoma. Nikaning'inia kwenye spana yako kwa uzito wangu wote ndipo kikalegea. Gunzi lilikuwa humo, limelowa, limevimba, limekaza kabisa.

Nikashuka nalo, nikaliweka mkononi mwa matroni mbele ya kila mtu. Nikasema Fundi hakukosea. Gunzi ni langu na uongo ni wangu. Akaligeuza kiganjani. Kisha akasema, "Basi wewe unarudia yote. Mimi nasimama hapa naangalia."

Imenichukua siku tatu. Leo nilipuliza kutoka juu, yeye akaweka shavu chini, akasema imefika. Sikumwamini, Fundi. Si kwa ubaya, ila nalijua neno hilo linavyosemwa. Nikamwomba apande yeye. Mama mzito vile, akapanda ngazi akininung'unikia ngazi nzima, nami nikapiga magoti pale pale nilipopiga siku ile. Pumzi ikaja shavuni, ya vuguvugu, ina harufu ya tangawizi. Nikalia hadi akaniuliza kama nimeumia.

Spana nilimrudishia mkeo, akaikataa. Akasema aliyekosea ndiye anayeihitaji zaidi.

Pumzika Paya, Fundi. Nakuahidi sitamdanganya tena mtu kwa huruma, hata akiwa anakufa, hata akiwa wewe. Na lile uliloniuliza kutoka darini, jibu lake ni kwamba haikufika.

Mwanafunzi wako,
Nafula