Papa wa Bibi na Sabuni ya Unga

Songea

Mama yangu, asalaam alaykum, na shikamoo nyingi.

Magoti yanasemaje siku hizi? Na wale kuku wako wakaidi, wamerudi kutaga? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku inatulaza na soksi kama wageni.

Najua utashangaa kuletewa barua na simu ipo. Mama, kwenye simu huniachii nafasi. Nikisema tu, "Mama, kuhusu Mwanahawa," wewe umeshauliza anapanda basi lini. Karatasi huwezi kuikatiza.

Tulikubaliana kwamba, kwa kuwa mkweo Zainabu kavunjika mkono wa kulia, tumlete Mwanahawa kwako Mwera mpaka mama yake apone. Nilikubali upesi, maana nyumba ilikuwa imenishinda. Fundi cherehani mzima, mwenye ndevu na mvi, nakata suti za mabwana harusi, lakini siku ya kwanza kupiga pasi sare za shule niliunguza kola ya Hamisi.

Basi nikawaita wanangu, nikagawa kazi kwa umri kama ulivyokuwa ukitugawia sisi. Rukia, miaka kumi na mitano, jiko. Hamisi, kumi na mmoja, maji na vyombo. Mwanahawa, mwenye sita, nikamwambia, "Wewe bado mdogo, nenda kacheze." Nikajiona baba mwenye hekima.

Rukia akaleta hoja. "Kupika sawa, Baba, lakini nazi akune Hamisi."

"Mimi nikalie mbuzi?" Hamisi akaruka. "Bibi akisikia je?"

"Bibi yuko Mwera. We kuna!"

Na anakuna, Mama, tena vizuri kuliko dada yake. Wewe uliyenifukuza jikoni kwa mwiko, eti mwanamume hakalii mbuzi, tunakuomba radhi.

Ijumaa tukamtoa yule papa mkavu uliyetutumia. Nilikuwa nimemficha juu ya kabati kama dhahabu, ingawa harufu ilimtangaza mtaa mzima. Rukia akamroweka kwenye beseni apunguze chumvi, akaenda kusali. Aliporudi akamkuta papa mweupe, akasema moyoni, kumbe Bibi kachagua papa wa maana. Akamtia kwenye tui zito, na pilipili, na ndimu.

Niliporudi msikitini sinia lilikuwa tayari mkekani. Bismillah. Tonge la kwanza, nikamtazama Zainabu. Zainabu akanitazama. Hamisi akachungulia bakuli la mchuzi, akaona povu.

"Leo hata kunawa hatuna haja," akasema.

"Msiniangalie mimi!" Rukia akawaka. "Nimemroweka kwa maji matupu!"

Mwanahawa akainua kidevu kama aliyeshinda mashindano. "Nimemfua mimi. Alikuwa ananuka."

"Umemfua na nini?"

"Sabuni ya unga. Nimemsugua mpaka akatakata. Sasa siendi tena, eti Baba?"

"Huendi wapi?"

"Kwa Bibi. Dada ana kazi, kaka ana kazi. Mimi tu sina, ndiyo maana mnanipeleka."

Kumbe siku ile nazungumza nawe kwenye simu alikuwa nyuma ya pazia. Zainabu, aliyekuwa anacheka mpaka machozi, akamvuta kwa mkono mzima akamkumbatia. Tukala wali na ukoko wake, tukashushia chai. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi tumemfua angali mkavu.

Tangu siku hiyo Mwanahawa ana kazi: yeye ndiye mkono wa kulia wa mama yake. Anamfungia kanga, anamchana nywele, anamchagulia mchele punje kwa punje mpaka chakula cha mchana tunakila alasiri. Hamisi akisahau kikombe anamfuata hadi uwanjani. Mimi wamenipa masufuria. Rukia anapitisha kidole, anasema, "Baba, hili rudia."

Kwa hiyo Mama, simleti. Najua umeshamtandikia kitanda, na najua unavyomsubiri. Usininunie. Shule zikifungwa tutakuja wote, na mikono yetu yote. Nilipomwambia nakuandikia, aliniuliza, "Bibi magoti yanamuuma, nani anaingia uvunguni kufagia?" Akawaza kidogo, akasema, "Basi uvungu wa Bibi ni kazi yangu. Lakini nikimaliza, nirudi."

Nisalimie kaka Athumani akirudi na mizigo yake kutoka Horohoro. Mwambie nazi sasa zinakunwa na wanaume. Nisalimie shangazi Mwanamkuu, na mwalimu jirani anayekusomea barua hii. Acheke taratibu, na asiruke pale pa sabuni.

Uvungu usiufagie, Mama. Una mwenyewe.

Mimi mwanao,
Bakari, fundi wa suti, mwosha masufuria