Sehemu Isiyo na Miti

Jumatatu, 4 Novemba 2024. Lushoto.

Miaka arobaini na moja tangu niondoke hapa. Leo ni siku ya tatu ya kupanda hadi kituo cha watoto. Saa nne kamili, kama alivyopanga Dada Agnes, mlezi mkuu. Muda wa saa moja na mjukuu wangu, kisha chai, kisha niondoke.

Hilda ana miaka kumi na mitatu. Ni mjukuu wa marehemu kaka yangu, Zefania. Wazazi wake walifariki akiwa mdogo. Zefania akamlea, na mwaka juzi naye akafa. Mimi na mke wangu Ruth tumeomba kumuasili na kumchukua kwetu Bergen, Norway. Chumba chake tumeshakipaka rangi.

Tumekaa kwenye benchi nje ya jiko. Anachambua maharage. Baada ya shikamoo akaongeza, "Onga maundo, Babu." Salamu ya asubuhi ya kwetu, kwa Kishambaa. Jibu lake nimelijua tangu sijaota meno. Halikuja. Nikajibu kwa Kiswahili. Limekuja nikiwa nusu ya mteremko, peke yangu.

Nimeona aibu.

Jumanne, 5 Novemba.

Sweta aliyofuma Ruth, niliyompa Hilda juzi, leo imevaliwa na msichana mwingine. Nimeudhika na sikuficha vizuri. Dada Agnes hakutikisika. "Mzee, hapa sweta ni ya mwenye kikohozi. Akipona ataivua."

Hilda alinitazama wakati nimekasirika. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumatano, 6 Novemba.

Ofisi ya ustawi wa jamii. Bwana Kassim ni mtu wa Tanga mjini, amevaa koti juu ya koti. "Mzee, wewe umetoka kwenye barafu unatetemeka, mimi wa Ngamiani nisemeje?" Nimempenda.

Faili la Hilda ni jembamba. Nimelisoma lote, taratibu, kama nilivyosoma kila kitu kwa miaka thelathini ya kazi ya maktaba. Ukurasa wa pili: baada ya mazishi ya Zefania, jirani wa shamba, Mama Kupaza, alijitolea kumchukua mtoto. Ukoo ukakataa. Mtoto ana babu mwingine Ulaya, mwenye kauli ni yeye, naye yuko njiani kurudi. Mtoto apelekwe kituoni kwa muda.

Kwa muda. Miaka miwili.

"Waliku­andikia?" Kassim ameuliza.

Waliniandikia. Nilijibu kwamba nitarudi, Mungu akipenda. Ndivyo nilivyojibu kila barua tangu 1983. Sikuwa nadanganya. Ni jibu la adabu, kila aliye mbali hulitoa. Nani huwaandikia watu wake kwamba harudi?

Kesho Hilda ataulizwa mwenyewe, bila mimi. Kassim anasema mtoto wa umri huo huwezi kumhamisha kama kabati.

Alhamisi, 7 Novemba.

Amekataa.

Nilikuwa uani, nimevaa tai. Kassim alitoka baada ya nusu saa na kufunga mlango nyuma yake. "Amekataa, Mzee. Kwa adabu, lakini amekataa."

Sababu: ana shamba la kulinda. Nikauliza shamba gani. Kassim akajibu: "Anasema ni lako."

Nimekasirika. Nimepanda ndege tatu kwa ajili ya mtoto huyu na nimeshindwa na robo eka ya mahindi. Nimempigia Ruth. Akauliza kama Hilda alikuwa amekula. Nilisema sijui.

Jumamosi, 9 Novemba. Magamba.

Jumamosi Dada Agnes humruhusu Hilda kwenda shambani. Nimeomba kuandamana naye. Anatembea haraka, jembe begani. Mara mbili alisimama kunisubiri akijifanya anafunga kamba ya kiatu.

Mama Kupaza alikuwa ametangulia, analima shamba lake la jirani. Mwanamke wa miaka sitini hivi, sauti ya kwaya. "Babu wa Ulaya, karibu. Viatu hivyo ni vya kupokelea sakramenti. Vua, matope hayana dini." Hilda alicheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Ana kicheko cha Zefania, cha puani.

Shamba la baba yetu liligawanywa mara mbili, mimi nikiwa bado kijana. Upande wa Zefania ni msitu mdogo: plamu, peasi, parachichi, migomba, kahawa chini yake. Upande wangu hauna mti hata mmoja. Mahindi, maharage, kabichi, basi. Juu kabisa mvua imechimba korongo linalonifika kiunoni, kwa kuwa hakuna mzizi wa kushika udongo. Hilda huja kila Jumamosi kulijaza mawe. Kila mvua kubwa huyasomba.

Niliuliza kwa nini Zefania hakupanda miti huku. Hilda alinitazama kama nimeuliza kwa nini hatuli mawe.

"Ni pako, Babu."

Nilikuwa nimesahau. Huku mahindi unaweza kulima popote ulipoazimwa, ukivuna umeondoka. Mti ni jambo jingine. Anayepanda mti anasema ardhi ni yake. Katika sehemu ya ndugu aliye safarini hupandi mti, hata kama unaona udongo ukiteremka bondeni. Unamngojea aje apande mwenyewe.

Mama Kupaza alisema walimshauri Zefania mara nyingi. Panda hata grevilia mbili pale juu, mdogo wako atakushukuru. Akakataa. "Alikuwa na barua zako kwenye boksi la viatu. Anasema mwenyewe anarudi, ameandika. Tukamwacha na ubishi wake." Alisema hivyo akiendelea kulima, bila ubaya. Ingekuwa rahisi zaidi kama angenilaumu.

Zefania alimwachia mtoto kazi hiyo ya kuningojea. Hilda amekataa kuja kwangu kwa sababu yangu.

Tulibeba mawe hadi saa saba. Mgongo wangu umekwisha.

Jumapili, 10 Novemba.

Ibada ya kwanza. Nimekaa nyuma.

Nimefikiria jambo baya na ninaliandika. Naweza kumwambia Hilda: mwenye shamba amekwambia uliache, twende. Atatii. Amelelewa kutii. Angepanda ndege na Ruth angempata binti, na kila mtu angesema ametoka kituoni akaenda Ulaya, bahati iliyoje. Na mimi ningekuwa nimetumia ardhi niliyoitelekeza kumng'oa mtu pekee aliyeitunza.

Ninataka awe mtoto wetu. Hilo pia niliandike. Tuna chumba cha rangi ya njano na hatuna mtoto, na nina miaka sitini na tisa.

Jumanne, 12 Novemba.

Nimempelekea Kassim karatasi niliyoiandika kwa mkono. Sehemu yangu yote ya shamba la Magamba nampa Hilda, aende au abaki. Nikamwomba amsomee kwanza, amwache akae nayo kidogo, ndipo amuulize upya. Nilitaka ajibu akiwa hana mzigo wangu kichwani. Kassim aliisoma mara mbili. "Unajua unajipunguzia nafasi?" Nilijua. Au nilitumaini kinyume chake. Sina hakika.

Safari hii mahojiano yalichukua saa nzima. Nilihesabu madirisha ya jengo. Kumi na manane.

Anabaki. Ameomba akae kwa Mama Kupaza, na Mama Kupaza, aliyekuwa ameitwa, amesema kitanda kipo tangu mwaka juzi, amekuwa akianikia mahindi tu juu yake. Kassim anaandika upya maombi: malezi ya kambo, hapahapa. Mimi nimeweka sahihi kuondoa yetu.

Hilda alitoka akanikuta kwenye ngazi. Akakaa karibu, si karibu sana. Aliuliza kama Bergen kuna miti ya plamu. Nilisema ipo, lakini matunda yake ni machachu. Akasema basi ya kwetu ni bora. Alilisema kama mtu anayenipa pole.

Ruth amelia kwenye simu. Mimi sikulia mpaka alipokata.

Alhamisi, 14 Novemba. Magamba.

Ukungu mpaka saa tano. Ndege yangu ni kesho jioni.

Karatasi haitoshi. Mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Hoza, aliniambia jana: tumeiona, ina muhuri wa ustawi wa jamii, ni nzuri, lakini wazee wanataka kusikia kwa kinywa chako, ukiwa umesimama palepale. Kwa hiyo tumesimama pale, watu tisa. Wawili niliwatambua, tulisoma pamoja darasa la tatu. Wote tumezeeka vibaya.

Hilda alikuwa amekuja na miche kumi na miwili, plamu na peasi, na grevilia za kule juu kwenye korongo. Alikuwa ameshachimba mashimo. Hakupanda. Alisimama kando ya shimo la kwanza, mche mkononi, akingoja.

Bwana Hoza alinirahisishia. "Useme tu umempa, Mzee. Mambo ya kurudi tuyaache. Si utakuja kututembelea?" Watu wakaitikia, eeh, atakuja, atakuja. Wote walikuwa tayari kunipa lile jibu la adabu. Lilikuwa limeshafika mdomoni.

Nilimtazama Hilda. Iwapo ningelitamka, angepanda, lakini angebakiza kipande. Namjua sasa. Angebakiza kona moja wazi kwa ajili yangu, na maji yangepita hapo.

Nilianza kwa Kishambaa nikakwama, nikamalizia kwa Kiswahili. Nilisema ardhi hii ni ya Hilda, yote, hadi mpakani. Nilisema asimngojee mtu yeyote. Mimi sitarudi.