Nyota Ilisimama Juu ya Nyumba

2 Novemba

Shikamoo Baba,

Habari za hapo nyumbani? Mgongo unaendeleaje, na macho? Natumaini unapochomelea unavaa miwani machoni, si kuigeuza kofia. Mimi mzima, ila miguu inauma kwa kusimama kutwa. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tunaishia kuulizana kama mvua imenyesha, kisha mmoja wetu anasingizia mtandao.

Hapa kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, msimamizi ametugawia kazi za Krismasi. Mwenzangu wa jikoni atapamba ukumbi. Mimi niliropoka kwamba baba yangu ni mzee wa kanisa na ndiye anayetengeneza nyota ya pale juu ya paa la kanisa, basi nimepewa kuwaeleza wazee maana ya nyota ya Krismasi. Baba, kanisani sijakanyaga siku nyingi. Niwaambie nini?

Mwanao

19 Novemba

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Mgongo ni wa mzee, macho ni ya fundi, tuyaache hayo. Nimecheka peke yangu karakanani hadi mteja aliyeleta geti akadhani namcheka yeye. Wewe ndiye wa kufundisha habari za nyota! Umesahau ulivyoamini kwamba mamajusi ni mama mmoja, Mama Jusi, ukamuuliza mwalimu wa watoto kwa nini aliwaacha wanawe nyumbani akafuata nyota?

Haya, waambie hivi. Nyota ile haikuwa pambo, ilikuwa mwaliko. Wenye Maandiko hawakuiona, waliiona wageni wa mbali waliozoea kutazama juu, na Mungu akawaita kwa kitu walichokizoea. Ndiyo maana mimi naiweka juu kabisa ya paa, ili aliye mbali ajue hajasahauliwa.

Lakini kuna jambo huniuma kila nikikata nondo zake. Mamajusi walipouliza mtoto amezaliwa wapi, makuhani na waandishi walijibu papo hapo: Bethlehemu. Njia waliijua, na hakuna aliyeinuka kwenda. Huu utakuwa mwaka wa tatu nakula Krismasi peke yangu, nayawaza hayo.

Baba yako

1 Desemba

Shikamoo Baba,

Leo sina salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara tatu kwenye chumba cha kufulia, mashine zikinguruma. Walioijua njia na hawakuinuka. Kama ulirusha jiwe gizani, Baba, limenipata.

Basi na mimi niulize. Nani alijua? Mama aliugua miezi minne. Wewe ulijua, dada zake walijua, hata mpiga kengele wa kanisa alijua. Mimi nikaandikiwa, "Mama yako anakusalimu, ana mafua kidogo." Mficha maradhi kifo humuumbua. Habari za msiba zilinifikia siku mbili baada ya maziko, nimeshika trei ya chai ya watu. Sikujua niiweke wapi, nikaendelea kugawa chai.

Usinisomee habari za waandishi.

Mwanao

12 Desemba

Mwanangu,

Hali yako siulizi, maana najua nani ameiharibu. Unayosema ni kweli.

Mama yako alisema, "Usimwambie, ataacha kazi." Alisema hivyo mara moja tu, mwezi wa kwanza wa ugonjwa, nami nikajificha nyuma ya neno hilo. Mwezi wa nne alikuwa ananiuliza utafika saa ngapi. Nikamjibu uko njiani. Akaniamini, akalala.

Mwandishi aliyejua mahali na asiinuke ni mimi. Ilinipasa kukuandikia siku ileile, nikaogopa kuandika neno ambalo likishaandikwa halifutiki. Nakuomba msamaha, mwanangu. Nyota nimeipandisha jana, ncha moja imepinda na sikuwa na nguvu ya kuinyoosha. Ukiweza, njoo.

Baba yako

27 Desemba

Shikamoo Baba,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Likizo sikuomba, na kusema kweli hata ningepewa ningetafuta sababu.

Siku ya Krismasi niliwaambia wazee yote uliyoniandikia: wageni, mwaliko, na wale waliojua wakabaki wamekaa. Walinisikiliza vizuri. Kisha bibi mmoja wa meza ya dirishani, ambaye huwa hasemi na mtu, akauliza, "Sasa walipofika walikuta nini?" Nikachukua Biblia yake nikasoma: wakaingia nyumbani, wakamwona mtoto pamoja na mama yake. Hapo sauti ikagoma. Bibi akadhani nimepaliwa, akanisogezea maji yake.

Baba, nimekusamehe. Nilikusamehe kitambo nikakuficha, kwa hiyo kwa kuficha tumefanana. Kinachonizuia kuja si hasira. Wale mamajusi, nyota yao ilisimama juu ya nyumba, na ndani mama alikuwepo. Nikiwa huku, Mama bado yuko jikoni anaimba nyimbo za kwaya akikosea sauti. Siku nitakayoufungua ule mlango wa nyumbani atakuwa amekufa kweli. Naogopa, Baba.

Mwanao

10 Januari

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Mgongo unauma, nakuambia ukweli. Jicho la kushoto linaona ukungu, nalo nakuambia.

Wazee wenzangu wanataka nyota ishuke, sikukuu imepita. Nimewaomba wasubiri, wakadhani ni uvivu wa kupanda ngazi.

Kuna jambo jingine sijamwambia mtu. Tangu tulipotoka kumzika nalala karakanani, kitanda cha kukunja nimekibana katikati ya mageti ya wateja. Majirani nawaambia nalinda vyuma visiibwe. Chumba chetu sijakifungua tangu siku ile. Hata mimi nikiwa nje ya ule mlango namsikia akiimba.

Peke yangu siwezi, mwanangu. Njoo tuingie wote wawili.

Baba yako