Baba, Niliyakata Maneno Yako

Baba yangu,

Nakuandikia upande mmoja tu wa karatasi, kwa herufi kubwa, nikiacha nafasi pana kati ya mistari. Wewe ndiye uliyetufundisha. Ulikuwa umekaa karibu na kipasha joto katika chumba cha chini cha kanisa, hapa Parkdale, na koti hujalivua, kwa kuwa tangu ufike Toronto hukuwahi kuamini kwamba ndani ya nyumba kuna joto. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, nami sikutaka ubaki peke yako Jumamosi nzima ukitazama theluji. Rania alikupa kikombe. Ukakichungulia, ukaniuliza kwa Kiswahili, "Hii ni chai ama ni maji yaliyoonyeshwa majani?" Rania akataka kujua umesema nini. Nilipomweleza, alicheka mpaka akalazimika kukaa.

Ndivyo mlivyojuana. Rania ni Mpalestina, rafiki yangu tangu chuo kikuu. Kaka yake, mwalimu wa hesabu, alichukuliwa na wanajeshi nyumbani kwao Ukingo wa Magharibi, na mpaka leo hajasomewa shtaka. Amri ya kumzuilia ni ya miezi sita. Ikikwisha, wanaandika nyingine. Ushahidi ni siri, hata wakili wake haruhusiwi kuuona. Kwa hiyo kila Jumamosi watu kumi au kumi na wawili tulikutana mchana kuwaandikia wafungwa kama yeye, na kuwaandikia wabunge wa hapa kuwahusu. Hatukujua barua zipi zilifika.

Siku ile uliichukua barua yangu, ukaisogeza mbali na macho, ukaisoma yote.

"Hii haipiti, mama." Uliniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yako.

"Kwa nini haipiti?"

"Umeandika nyuma. Anayesoma ni mvivu, hapendi kugeuza karatasi. Hapa umepiga mstari chini ya neno, atasema ni ishara. Na hapa unamwambia asikate tamaa. Toa. Mwambie mlipika nini."

Nikawatafsiria wenzangu. Baada ya saa moja kila mtu mezani alikuwa anaandika kuhusu dengu na wali. Ulipita nyuma yao ukiinama, ukigusa karatasi kwa kidole, na mzee mmoja wa mtaa wa Mount Dennis ambaye hamsikilizi mtu yeyote alichana barua yake na kuanza upya. Rania akaninong'oneza, "Ammo alifungwa miaka mingapi?" Ammo ni kama sisi tunavyosema ami.

Sikujibu. Niliiangalia mikono yangu. Alikichukua kimya changu kuwa heshima, na kabla hatujafunga chumba kila mtu alijua kwamba umewahi kuwa mfungwa.

Ulikuwa askari jela, baba. Kwa miaka tisa kazi yako ilikuwa kusoma barua za wafungwa.

Nilikuwa na aibu, sina neno lingine. Sare uliyoipiga pasi mwenyewe kila Jumapili, huku ukitukataza kuigusa, ndiyo iliyonilisha na kunisomesha hadi nikafika huku, nikajiunga na watu wanaoandika kuwalaani wanaovaa sare kama ile. Nilidhani ninakulinda. Nilijilinda mimi.

Mwezi wa pili tuliandaa mkutano wa hadhara, na Rania akakuomba uzungumze. Nilitegemea ukatae. Ulifikiri kidogo, ukasema, "Nitasema. Lakini kwa Kiswahili. Wewe utatafsiri."

Chumba kilijaa. Kabla ya kusimama ulivua koti, mara ya kwanza mle ndani. Nakumbuka kila neno, na sasa nayaandika kama ulivyoyasema:

"Kulikuwa na mtu kizuizini, hana kesi. Kila asubuhi aliniuliza, 'Afande, hakuna barua?' Nikamwambia hakuna. Ilikuwa kwenye droo yangu. Mkewe alikuwa ameweka mkono wa mtoto wao juu ya karatasi, akauzungushia penseli. Mtoto huyo alizaliwa baba yake akiwa ndani. Michoro ilikatazwa. Lakini ningeweza kumwonyesha tu, halafu niirudishe kwenye droo. Sikumwonyesha."

Nami, kwa Kiingereza changu kizuri, niliwaambia kwamba kila asubuhi wewe uliuliza kama kuna barua, ukajibiwa hakuna. Kwamba baadaye ulikuja kusikia ilikuwa kwenye droo ya askari, na ndani yake mkono wa mtoto wako. Watu walilia. Rania alinikumbatia mimi kwanza, maana alidhani mkono ule ulikuwa wangu.

Na Kiingereza ulikijua. Ulisimama pale ukasikia kila nilichokufanya.

Kwenye tramu ya kurudi nyumbani ulikaa dirishani, glavu zimewekwa juu ya magoti. Tulipita vituo vitatu.

"Umefanya kazi yangu, mama."

"Baba?"

"Umesoma, ukaona haipiti. Ukakata."

Hukuwa na hasira. Ungekasirika ningeweza kubishana nawe. Ulisema kwa upole, kama mtu wa kazi anayemtambua mwenzake.

Moyo wako ulisimama mwezi wa nne, na hatukuwa tumelizungumza tena. Wenzangu wote walikuja kwenye maombi. Rania aliosha vyombo mpaka mwisho. Mtu alisimama akakusifu kwa mateso uliyoyavumilia gerezani, nami nikainamisha kichwa na kumwacha amalize. Hiyo ilikuwa mara ya pili ninyamaze na kuacha uongo upite.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia Rania. Alikuwa anapanga bahasha. Nilieleza yote, nikitazama meza. Aliuliza kitu kimoja: "Kwa hiyo droo ilikuwa yake?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kupanga bahasha kwa muda, kingo kwa kingo.

"Nilikuwa namwambia mama yangu kwenye simu," alisema, "kwamba yupo mzee hapa, walimfungia bila kesi, na sasa anakunywa chai nasi na kuilalamikia. Mama alikuwa ananiuliza habari zake kila wiki. Nilimpenda kwa sababu nilidhani alitoka."

Akachukua koti lake. Jumamosi tatu hakuja.

Ninakukumbuka kwa uchungu, baba. Nikikuona ukiinama juu ya karatasi zetu, namwona pia mtu aliyekuwa akisubiri ng'ambo ya meza yako. Sijui jinsi ya kuwaweka wote wawili mahali pamoja. Ninachojua ni kwamba leo asubuhi kaka yake Rania, kama bado anaweza kusimama, ameuliza swali lile lile, na kuna mtu mwenye droo aliyemjibu. Huenda mtu huyo naye ana binti anayemsomesha. Hilo halimpunguzii kaka yake Rania hata siku moja.

Juzi Rania alinitumia ujumbe, mstari mmoja: "Yule mtu aliitwa nani?"

Ulimtaja, baba. Ulimtaja mwishoni, mbele ya chumba kizima, na sikulitafsiri jina hilo kwa sababu halikuwa na pa kukaa ndani ya uongo wangu. Ulisema: "Aliitwa Elija. Sijui kama alitoka."

Nimemjibu. Hajaandika tena. Jumamosi hii nitasimama pale uliposimama na kuisoma barua hii kwa lugha zote mbili, awepo asiwepo. Nilikosea mbele ya watu, sikuona haki nikuombe radhi faraghani.

Pumzika, baba. Nimerudisha kila mstari.

Binti yako, uliyemwita mama